Kanga Aliyeumeza Ukunga

Jamani, naita.

— Ita, twaitika.

Naita wa karibu na wa mbali.

— Wote twaitika.

Nina ngano mkononi, naitupa.

— Itupe, tutaidaka.

Haya, idakeni vizuri. Na wewe unayepiga miayo pale nyuma, keti wima, maana ngano hii ina kazi yako.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombania mipaka kama sisi, palikuwa na mji uitwao Korongoni. Ulijengwa kando ya mto wa mchanga, ule mto ambao kiangazi hukauka wote ukabaki mchanga mweupe. Juu kabisa palikuwa na jabali. Chini kabisa palikuwa na bwawa lisilokauka, na humo alikaa Mzee Kiboko, mwenyekiti wa mji.

Mwanzoni nyumba zilikuwa chache. Katikati alikaa Bi Kanga, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi. Akimwona chui, akiona moshi, alipiga ukunga, ule mlio wa kuwaita watu waje kusaidia. Mji mzima ulisikia. Watu walitoka na magongo.

Kwa kazi hiyo Bi Kanga aliheshimiwa. Kwenye karamu alipakuliwa wa kwanza. Kwenye mkutano alikalia kigoda cha mpingo pembeni ya Mzee Kiboko, na wengine wote wakakaa chini. Alikipenda kigoda kile, jamani. Alikipangusa kwa bawa lake kabla ya kukikalia, na akiinuka alikipangusa tena.

Basi mji ukakua. Wakaja ngiri, wakaja digidigi, wakaja nungunungu. Wakajenga juu, wakajenga chini, mji ukawa mrefu, watu wakawa hawajuani. Mtu alimaliza mwaka bila kujua jina la aliyepakana naye ua.

Siku moja chui akaingia upande wa bwawani, mchana kweupe, akamchukua mtoto wa Mama Digidigi. Bi Kanga alimwona kwa mbali. Alipiga ukunga mpaka koo likamkauka. Kule chini hakuna aliyesikia.

Mkutano ukaitwa. Mama Digidigi akasimama, macho yamemvimba kwa kulia.

"Bi Kanga, siku ile wewe hukulia?"

"Nililia, mwenzangu. Nililia sana."

"Basi mbona sisi hatukusikia?"

Bi Kanga akatazama kigoda.

Ndipo akasimama mgeni mmoja. Aliitwa Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, aliyehamia jabalini na watoto wake msimu ule ule.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Sauti ya Bi Kanga haina kosa. Mji ndio umerefuka. Mimi nyumba yangu iko juu, naona mbali. Nikiona hatari, nitapiga ukunga. Jirani yangu akisikia, aseme, 'Nimesikia, nampa jirani,' halafu alie na yeye. Na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka ufike bwawani."

Hebu tujaribu na sisi. Uuuwi! Mnasema nini?

— Nimesikia, nampa jirani.

Hapo sawa. Ila wewe wa miayo umechelewa.

Sasa, utampaje jirani usiyemjua? Pimbi akazunguka nyumba kwa nyumba. "Hodi wenyewe. Huyu ndiye jirani yako wa juu, na huyu ndiye wa chini." Watu waliokuwa wakipeana migongo wakaanza kuombana chumvi na kuombana moto. Wakakutana kufyeka vichaka alimojificha chui. Watoto wa mji wakawa wanakwenda kucheza jabalini, kwa sababu kule macho ya Pimbi yaliwaona.

Mji ukatulia. Na kila ulikopita, uliwasikia watu. Pimbi hivi, Pimbi vile. Tungejuaje bila Pimbi.

Bi Kanga akasikia. Roho ikamuuma. Nasema ilimuuma, na msimcheke. Nani hapa hajawahi kusikia mwenzake akisifiwa, tonge likamkwama kooni?

Akaanza na mdomo. Akaenda kwa Nungunungu, jirani yake wa chini.

"Jirani, mnyama asiye na mkia wa kumwamini huyo? Siku akikimbia utamkamata wapi?"

Nungunungu akacheka. Alicheka mpaka miiba ikatikisika. Halafu akasema, "Lakini juzi alikuja kunisaidia kuezeka, maskini. Alishinda juu ya paa na jua lile." Bi Kanga akarudi nyumbani anaungua zaidi kuliko alivyokwenda.

Jioni vifaranga wake wakarudi kutoka jabalini, wanaimba njia nzima, "Nimesikia, nampa jirani." Mdogo wao aliitwa Kidoti. Kidoti akamkimbilia mama yake.

"Mama, Pimbi anasema nina masikio mazuri. Anasema nikikua nitakuwa mlinzi kama yeye."

Kama yeye. Hakusema kama wewe, Mama. Alisema kama yeye. Kijicho kikampanda Bi Kanga mpaka kwenye utosi.

"Kuanzia leo ni marufuku kukanyaga jabalini," akasema. "Mkitaka kucheza, teremkeni kule chini kwenye mchanga wa mto, mkaoge vumbi kama kanga wenye adabu."

Vifaranga wakanuna, lakini mama ameshasema. Kesho yake wakateremka kwenye mchanga.

Sikilizeni la tatu sasa, ndilo lililomkata maini. Mzee Kiboko aliita mkutano akasema, "Siku ya gulio Pimbi atapiga ukunga wa majaribio. Hatatwambia saa ngapi. Sisi wazee tutakaa bwawani tusikilize. Ukitufikia, kigoda ni chake. Bi Kanga ametulinda miaka mingi, sasa na apumzike."

Mzee Kiboko alisema kwa wema kabisa. Lakini neno lile "apumzike" lilimchoma Bi Kanga kuliko tusi. Hakula siku hiyo. Kila akifumba macho alimwona Pimbi juu ya kigoda chake, miguu mifupi inaning'inia, haifiki chini.

Siku ya gulio ikafika. Jua lilikuwa kali, hapana wingu hata la dawa. Vifaranga wakaenda zao mchangani. Wazee wakaketi bwawani, kigoda kimewekwa ukingoni, kimepakwa mafuta kinang'aa. Bi Kanga akakaa mlangoni kwake, anasubiri.

Mara, kutoka jabalini. Uuuwi!

Ngiri, jirani yake wa juu, akaitikia, "Nimesikia, nampa jirani. Uuuwi!"

Jirani huyo ni nani? Ni Bi Kanga.

Bi Kanga akafungua mdomo. Sauti ikafika kooni. Kisha akafikiri, nikilia sasa, kwa koo langu mwenyewe, nitakuwa nimembebea Pimbi kigoda changu mpaka miguuni kwake. Akafunga mdomo. Akaumeza ukunga kama mtu amezaye kidonge kichungu.

Ukaja mara ya pili. Uuuwi! Ngiri akaupokea, akampa jirani. Bi Kanga akaumeza.

Ukaja mara ya tatu, na safari hii sauti ya Pimbi ilikuwa imekwaruzika, kama ya mtu anayekabwa. Bi Kanga akasema moyoni, kumbe hana koo, na bado wanamsifu. Akaumeza na huo.

Nungunungu akachungulia juu ya ua. "Jirani, kama nasikia kitu huko juu. Hujapewa?"

"Nipewe nini? Ni upepo tu, jirani."

Nungunungu akatazama majani ya mti. Yalikuwa yametulia, hata moja halichezi. Lakini jirani ni jirani, akikwambia neno humtilii shaka. Akarudi kwenye kazi yake.

Jamani, mbali kule milimani, ambako macho ya Korongoni hayafiki, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pimbi peke yake, juu ya jabali, ndiye aliyeyaona maji yakija. Yale hayakuwa majaribio.

Bi Kanga alisikia ngurumo chini ya miguu yake kabla hajaona kitu. Halafu akaona. Maji mekundu, mapovu, magogo yanabiringika, na kinu cha Ngiri kinaelea mbele. Akakumbuka aliwatuma wapi watoto wake asubuhi.

"Kidoti wangu."

Akalia. Alilia hivyo siku moja tu maishani. Uuuwi!

Nungunungu hakuuliza upepo wala nini.

— Nimesikia, nampa jirani.

Ndivyo alivyosema, na jirani yake akasema, na wa kule akasema. Bi Kanga alikimbia bondeni mabawa yanaburura, na ukunga ukampita. Ulikwenda mdomo kwa mdomo, ukayapita na maji. Lakini haukuyapita kwa mengi, kwa sababu ulikuwa umechelewa kuondoka.

Ukafika bwawani. Mzee Kiboko akauacha uzee wake pale pale, akaingia kwenye mkondo akasimama kiubavu. "Watoto, pandeni!" Vifaranga wakapanda mgongoni, vitoto vya ngiri vikapanda. Wazee wakavutana ukingoni. Maji yakapiga, Mzee Kiboko akatikisika, hakuanguka.

Kidoti hayupo.

Kidoti alikuwa amekwenda mbele kidogo, yeye na mtoto mdogo wa Mama Digidigi, yule aliyebaki. Walichimba shimo mchangani, wakalala humo kwa uchovu wa kucheza. Ukunga ulipofika, Kidoti alisikia. Alikuwa na masikio mazuri kweli yule mtoto. Akasimama, akasema kama alivyofundishwa, "Nimesikia, nampa jirani." Akamdonoa mwenzake, akamwamsha, akamsukuma mpaka akarukia ukingoni. Digidigi ana miguu mirefu. Kifaranga hana.

Maji yakapita.

Bi Kanga alipofika, watoto wake walikuwa wamejipanga ukingoni, wamelowa. Akawatazama mmoja mmoja, akawatazama tena. Mama Digidigi ndiye aliyemshika bawa akamweleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyombana mwanawe kifuani.

Pimbi naye akateremka kutoka jabalini. Sauti haikuwepo tena, alinong'ona tu.

"Nililia mara tatu. Ukunga ulikatikia nyumba gani?"

Nungunungu akainamisha kichwa, anachora mchanga kwa kidole. Alijua. Hakusema.

Bi Kanga akasema mwenyewe. "Ulikatikia kwangu. Nilisikia wa kwanza, nikasikia wa pili, nikasikia wa tatu."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Kigoda."

Watu wakageuka kutazama pale kilipowekwa kigoda. Palikuwa na tope tu. Maji yalikuwa yamekichukua, mafuta yake na kung'aa kwake, na hakuna aliyekikalia tena, si Kanga wala Pimbi.

Wengine wakataka Bi Kanga afukuzwe mjini. Ngiri alikuwa ameshaokota gongo. Mama Digidigi akawazuia.

"Nyumba ya katikati ikiwa tupu, ukunga utakatika tena palepale. Na mimi mwanangu yu hai kwa sababu ya mwanawe. Mwacheni abaki."

Akabaki. Siku ya matanga alinyonyoa manyoya yote ya kichwani kwa kucha zake, kama waliofiwa wanavyonyoa nywele, na hayakuota tena. Mtazameni kanga hadi leo, kichwa kitupu. Wala hakai peke yake. Hutembea na wenzake, na mmoja akiona kitu akalia, wote hulia papo hapo. Hakuna anayesubiri kujua ni nani aliyeanza na nani atakayesifiwa.

Basi, wanangu, hili ndilo funzo. Mji hauna mlinzi mmoja. Unalindwa na kila anayesikia akapitisha, hata kama sifa itakwenda kwa mwingine. Na mwenye wivu akiziba njia ili mwenzake asipite, ajue watoto wake na wao wanatumia njia hiyo hiyo. Mkisikia jirani anasifiwa na roho ikawauma, iacheni iume, itapoa. Lakini msiumeze ukunga.

Ngano yangu imefika bwawani, mimi nimeshalia. Uuuwi!

— Nimesikia, nampa jirani.

Mpeni, basi. Na wewe wa miayo, leo uanze wewe.