Sikio la Zurara na Sufu ya Mjane

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa wafugaji huko Khurasani aliishi mja mwema aitwaye Zurara bin Salim, mkaguzi wa sufu. Halikuuzwa robota sokoni kabla hajalipitisha. Alikuwa akichomoa kishungi, akakishika ncha kwa ncha karibu na sikio, kisha akakivuta kwa ghafla. Sufu nzima hulia kama uzi wa zeze. Sufu mbovu, kama ile ya mzoga, hukatika kwa mlio wa kijiti kikavu. Watu waliliamini sikio lile kuliko kiapo, naye hakupata kupokea hata tende ya muuzaji. Tena alikuwa na ada moja njema: swala ya Alasiri haikumkuta ila yumo safu ya kwanza.

Mwaka mmoja, ukame mrefu ulipokwisha, mjane mmoja, Bibi Unaysa, alileta sufu ya kondoo wake. Mwadhini alikwisha kuanza. Zurara akachomoa kishungi, akavuta, kikakatika. Akachomoa kingine, nacho kikakatika.

"Hii imenyofolewa kwenye mizoga," akasema, akikaza kilemba. "Ni najisi. Msiinunue."

"Mwanangu Zurara, tazama shina lake kwanza. Nimewakata kwa mkasi, wazima, kwa mikono yangu hii."

"Mama, swala inanipita."

Ghiyathi mtia rangi akaangua kicheko. "Kumbe bibi yetu hapotezi kitu! Kondoo akifa, yeye hunyoa maiti!"

Soko zima likacheka. Bibi Unaysa akafunga robota lake, akaondoka.

Zurara akaiwahi safu yake. Alipotoa salamu akaona kishungi kimenasa kwenye mkono wa kanzu. Moyo ukamruka: je, ameswali na najisi? Akatoka uani penye jua, akakigeuza na kukigeuza. Shinani hapakuwa na ganda la ngozi, alama ya sufu iliyonyofolewa. Palikatwa sawasawa, kwa mkasi. Kilikuwa kimekatikia katikati, pale unyoya ulipokonda. Hapo akafahamu. Miezi ya ukame kondoo walikonda na sufu ikakonda nao. Majani yaliporudi, ikanenepa tena. Ile haikuwa alama ya mauti. Ilikuwa alama ya njaa ambayo kondoo wale waliivuka.

Swala yake ilikuwa sahihi, naye akalia. Kwa ajili ya swala yake alikitazama kishungi kimoja mpaka akakijua. Kwa ajili ya heshima ya mama yule hakupata nafasi ya kutazama.

Akanuia kuutangaza ukweli. Lakini nafsi ikamnong'oneza: wakijua sikio lako limekosea, nani atakuamini tena? Ngoja siku ya soko. Siku ya soko ikafika, akajiambia kwamba wageni ni wengi. Ikafika nyingine, ndipo aliposhindwa kuvumilia, akapanda juu ya marobota.

"Enyi watu! Nilimsingizia Bibi Unaysa. Sufu yake ni twahara. Mwenye kosa ni mimi."

Ghiyathi akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Zurara akaenda mbio nyumbani kwa mjane. Akakuta zizi limefagiliwa, mlango wake uko wazi.

"Wako wapi kondoo, mama?"

"Nani angeinunua sufu yangu, mwanangu? Na bila fedha ya sufu ningekula nini? Wachinjaji waliwachukua juzi."

"Nimekwisha kutangaza sokoni. Nisamehe."

Bibi Unaysa akalitazama zizi. "Mwaka wa njaa niliwagawia shayiri ya chungu changu. Ukame haukuniulia hata mmoja." Akaufunga mlango wa zizi. "Nimekusamehe kwa ajili ya Mola wangu. Ila ungalikuja juzi."

Zurara aliendelea na kazi yake, na tangu siku hiyo hakuhukumu sufu kabla ya kulitazama shina. Lakini msikitini alisimama safu ya mwisho mpaka alipofariki. Walipomuuliza kwa nini ameiacha fadhila ya mbele, alijibu, "Ile ya mbele niliilipia kwa kondoo wa mjane."

Ndugu zangu, toba ya Zurara ilikuwa ya kweli, nasi tunataraji imepokewa. Lakini zizi lilibaki tupu. Mola atujaalie kulikiri kosa letu lingali lina dawa. Amin.