Ubeti wa Mwisho wa Kisima cha Mwembeni

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa kama alivyokatizwa Shekue.

Shekue alikuwa mnakili wa tenzi, mwandiko wake safi na subira yake fupi. Jirani zake walikuwa watatu. Bi Mwana Kame, mzee asiye na mtoto, alikuwa na kumbukumbu isiyovuja. Mshamu alikuwa mtunzi. Zena alikuwa na sauti.

Mwaka huo watu wa mji wa pili walidai kisima cha Mwembeni ni chao. Wazee wa pande zote mbili wakakubaliana kukutana, kila upande ulete ushahidi wake.

Bi Mwana Kame peke yake ndiye aliyejua kisima kilichimbwaje. Alijua majina ya wachimbaji saba, na kwamba kiongozi wao, Mwinyi Kombo, alishuka shimoni na mwanawe mgonjwa mgongoni. Lakini alikuwa amekwisha kuwasimulia wazee hao mara mbili, nao wakasema hizo ni porojo za vikongwe. Ilimuuma sana.

Mshamu akayachukua maneno yake akajifungia siku arobaini. Alianza kama inavyopasa, kwa kumsifu Mola na kuomba wino na karatasi, kisha akatunga utenzi wa beti mia tatu na kumi na mbili, kila kipande mizani nane, na kila ubeti ukimalizikia kwa kina kilekile. Shekue akanakili zote, vidole vikamvimba. Lakini Mshamu alipojaribu kuusoma mwenyewe barazani, watu walisinzia.

Zena ndiye aliyeughani siku ya shauri, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alipofika pale pa mtoto mgongoni aliurudia ubeti mara tatu, ingawa uliandikwa mara moja. Mzee wa mji wa pili akajifunika uso kwa kilemba. Alipojifunua, alisema, "Kisima ni chenu."

Hapo ndipo balaa la Shekue lilipoanza. Kwa desturi ya mji ule, ubeti wa jina hauandikwi mpaka utenzi usikike mbele za watu. Jina huwa moja, na kila atakayeusoma humwombea dua mwenye jina hilo. Shekue, kwa kujiamini, alikuwa ameshapiga mistari ya ubeti mmoja tu chini ya ukurasa wa mwisho.

Mshamu alifika nao tayari:

*Mtungaji ni Mshamu,*
*mwana wa Bwana Makamu,*
*mpelekee salamu*
*na dua kumuombea.*

"Andika, Bwana Shekue."

"Asiandike," alisema Zena kutoka mlangoni. "Wewe ulipousoma, walikoroma."

"Ulighani nini, kama si maneno yangu?"

"Na wewe ulitunga nini, kama si maneno yangu?" aliuliza Bi Mwana Kame, akajikalia bila kukaribishwa.

"Basi niwataje watatu," alisema Shekue.

"Haijapata kuwa," walijibu wote pamoja. Hilo peke yake ndilo walilokubaliana tangu wafike.

Wakaanza upya. Shekue alichovya kalamu, wino ukamkaukia. Akachovya tena, ukakauka tena. Alichoka nao kabisa.

"Atakayesema tena," alisema, "namwandika mbuzi wangu humu, na mtamwombea dua mpaka kiama."

Kisha Bi Mwana Kame akasema polepole, "Mwandike tu huyo mbuzi, mwanangu, lakini nisikilize. Mimi sikuzaa. Nikifa, nani atanitaja?"

Mshamu aliinama. "Mama, mimi nimeweka maneno yote haya, na hakuna hata moja linalosema ni langu."

"Yenu yamo karatasini," alisema Zena. "Sauti haiandikwi. Nikifumba mdomo, sina nilichoacha."

Shekue aliwatazama mmoja mmoja. Kelele zao angeweza kuzifukuza kwa kelele zake, lakini hili hakujua jinsi ya kulijibu, na hilo lilimkera kuliko yote. Akachovya kalamu mara ya tatu. Wino ulining'inia juu ya mstari mtupu, naye akauona unaanza kukauka.

Nami hapo namwacha, maana amenichosha na mimi. Je, wewe, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?