Nani Atatoka Naye

Wapendwa, mfano wangu wa leo hauna mkulima wala mchungaji wa kondoo. Hao tumewasumbua vya kutosha. Leo nawapeleka kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ule wa sementi iliyopasuka, nyuma ya madarasa ya sekondari. Mama zangu mliokaa huku mbele msihofu, hamhitaji kujua sheria za mchezo. Inatosha kujua kwamba kuna timu mbili za mabinti, kijani na njano, na kuna refa mwenye filimbi.

Refa huyo alikuwa mtu mzima, mpole, siku za kazi anauza dawa za mifugo. Kumtoa mtoto mchezoni kulimuuma kila mara, maana naye ni baba wa mabinti. Lakini filimbi aliipiga. Aliwaambia wenzake kwamba huruma ya refa anayeogopa kupiga filimbi, siku moja itamvunja mtoto taya.

Basi ilikuwa fainali ya shule za wilaya, zimebaki dakika chache, na timu zinafukuzana kikapu kwa kikapu. Binti mmoja wa kijani, mrefu, mwenye hasira za karibu, alikuwa akivutwa jezi na binti wa njano. Refa alikwisha kumwonya yule wa njano, lakini onyo halikumridhisha mwenzake. Mpira uliporuka chini ya goli, wa kijani akageuka na kiwiko, akampiga nacho mdomoni. Hakuwa akiutafuta mpira; refa aliona kwa macho yake. Binti wa njano akaanguka, damu ikamtoka mdomoni.

Filimbi ikalia.

“Binti yangu,” refa akasema kwa sauti ya chini, “kwako mchezo umekwisha. Toka nje.”

Binti akamjia mpaka usoni. “Umeniona mimi tu? Huyu ananivuta tangu mwanzo. Ulikuwa unaangalia wapi?”

Hapo ndipo unapomjua refa aliyefundwa akafundika. Hakubishana. Hakumnyooshea kidole, hakumgusa. Aliweka mikono nyuma, akarudi kinyumenyume kidogo, kisha akageuka akaenda zake kwenye meza ya waandika pointi. Refa mwenzake, dada mmoja mfupi, ndiye aliyeingia kati na kusimama kimya mpaka pumzi za yule binti zikashuka. Ndivyo wanavyofanya: aliyetoa hukumu huondoka, ili hasira ikose mtu wa kugombana naye. Ndoa ngapi humu ndani zingepona kwa kanuni hiyo? Haya, tuendelee.

Kwenye mabenchi ya watazamaji watu walikuwa wanaimba, “Nje! Nje!” Na msidhani ni wahuni. Walikuwapo wazee wa kanisa pale, na sauti zao za ibada walikuja nazo.

Sasa, mashindano yale yalikuwa na kanuni moja nzuri. Mwanafunzi akitolewa, haruhusiwi kukaa na timu yake. Sharti aondoke mpaka asionekane. Lakini vilevile haruhusiwi kuondoka peke yake. Ni mtoto wa watu, ana hasira, ana aibu, na nje ya geti kuna barabara ya malori. Lazima mtu mzima atoke naye na kukaa naye mpaka mwisho. Kabla hawajatoka, mchezo hauendelei.

Refa akamwendea mwalimu wa kijani. “Mwalimu, nani atatoka naye?”

“Niko peke yangu,” mwalimu akajibu. “Mwenzangu ana homa, hakuja. Nikitoka mimi, timu inabaki bila mtu mzima.”

“Na ikibaki bila mtu mzima, itanibidi niufunge mchezo. Mtahesabiwa mmeshindwa.”

“Najua, refa.”

Yule binti alisikia. Hasira ikamwisha, akabaki na hofu tupu. Akawatazama wenzake, mabinti waliokimbia naye alfajiri za baridi mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyemtazama.

“Refa, niache niende mwenyewe,” akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto. “Nitajifungia darasani. Sitatoka.”

“Siwezi kukuacha uende peke yako, binti yangu.”

Moyo wa refa ulimuuma kwelikweli. Alimtoa kwa haki, na tukio lile lingerudi angemtoa tena. Lakini hakupiga filimbi ili mtoto akose mtu duniani. Akawageukia watazamaji. “Ndugu wazazi, yupo mtu mzima atakayetoka na huyu binti?”

Mnajua kilichotokea? Kelele zilikatika. Wale walioimba “nje” wakaanza kukagua viatu vyao. Mmoja akakumbuka kwamba kuna mtu alipaswa kumpigia simu. Wa kumtoa walikuwa umati, wa kutoka naye akakosekana.

Kisha kwenye benchi la nyuma akainuka mama mmoja, bado ana aproni kiunoni, maana alikuja mbio kutoka kwenye jiko lake la kuuzia chakula. Akashuka akiwaomba watu njia.

“Nitatoka naye mimi,” akasema.

“Mama, wewe ni mzazi?” refa akauliza.

“Ni mzazi.”

Refa hakumdadisi zaidi, na mwalimu wa kijani alikuwa akishukuru tu. Mama akakitoa kitenge alichojitanda, akamfunika binti mabegani. “Twende, mwanangu. Tukatafute maji ya kunywa.” Wakatembea polepole, wakapinda nyuma ya madarasa, wasionekane tena.

Mchezo ukataka kuanza. Binti wa njano aliyepigwa alikuwa na haki ya kurusha mpira golini bila kuzuiwa na mtu. Damu ilikuwa imekatika, mdomo umevimba, na alikataa katakata kubadilishwa. Akasimama kwenye mstari. Refa akamsogezea mpira, lakini binti hakuupokea. Alikuwa anatazama lile benchi la nyuma.

“Pokea, binti yangu. Watu wanasubiri.”

“Refa, yule mama aliyetoka, atarudi kuniona?”

“Haruhusiwi kumwacha yule mpaka mwisho. Kwani unamjua?”

“Ni mama yangu,” binti akasema. “Nilipoanguka alisimama, nikampungia kwamba niko salama. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kufunga jiko aje anione nikicheza.”

Refa alikaa na ule mpira mikononi muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu, kwa sababu macho yake hayakuwa yakiona vizuri.

“Umemkasirikia?” akamwuliza.

“Kidogo.” Binti akapangusa mdomo kwa mkono wa jezi. “Lakini yule mwenzangu angeenda na nani?”

“Basi rusha. Ukiingia, kelele zitamfikia huko aliko.”

Akarusha.

Nawaona, mnataka kujua kama uliingia, na nani alichukua kombe. Huyo refa ukimkuta dukani kwake mwulize. Yeye mwenyewe anasema hilo si jambo analolikumbuka sana. Analokumbuka ni kwamba mchezo ulipokwisha alikwenda nyuma ya madarasa, akamkuta mama ameketi kwenye ngazi, na binti wa kijani amemwegemea begani, macho mekundu, amejifunika kile kitenge. Mara akatokea binti wa njano akikimbia, “Mama!”

Wa kijani akautazama ule mdomo uliovimba. Akamtazama mama. Akaelewa, akataka kuinuka akimbie. Mama akamshika mkono.

“Kaa,” akamwambia. “Nilikuona ukimpiga. Nilitoka na wewe nikijua.”

Kisha akainua upande wa pili wa kitenge, na binti wake akaingia.

Wapendwa, mnamwona huyo mzazi ni nani? Je, si sisi tuliomjeruhi Mwana? Na si kwa haki tulistahili kutoka? Filimbi ilipigwa, na malaika hawakuwa na la kututetea. Lakini Mzazi wa yule tuliyemjeruhi akashuka alikokuwa amekaa, akatufunika, akatoka nasi. Wala msiseme hakutujua. Alituona tukipiga. Alitoka nasi akijua.

Sasa niseme neno moja la humu ndani. Mwezi uliopita baraza letu lilimsimamisha binti mmoja wa kwaya. Simtaji, mnamjua, na kile kiti kilicho wazi safu ya soprano mnakiona kama ninavyokiona mimi. Sisemi baraza lilikosea. Refa hakukosea. Kanisa lisilo na filimbi litaumiza watoto wake. Lakini siku ile binti alipotoka kwa mlango huu wa pembeni, joho lake la kwaya limekunjwa mkononi, nani kati yetu alitoka naye? Sisi sote tulibaki kwenye mabenchi, tukafungua vitabu, tukasubiri wimbo unaofuata. Tunajua kumtoa mtu. Kutoka naye bado hatujajifunza.

Tukimaliza ibada kuna mnada hapo nje, kuna ndizi na kuku wa sadaka. Ndizi hazitaoza leo, na kuku wamefungwa miguu. Nyumba ya yule binti iko nyuma ya mashine ya kusaga, haihitaji nauli. Anaishi na bibi yake, na jana nimeambiwa hali chakula vizuri.

Kwa hiyo nauliza kama refa alivyouliza. Ndugu wazazi, yupo mtu mzima atakayetoka akakae na huyu binti?

Nitanyamaza kidogo. Msiniitikie amina. Nasubiri mtu asimame.