Boneti Haijui Kusema Sijambo

"Boneti haijui kusema sijambo." Juzi mliisikia gereji mkacheka. Leo mmeisikia zahanati, tena kinywani mwa nesi, hamkucheka. Mmekuja kuniuliza boneti ya gari imefikaje kitandani kwa mgonjwa. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Pale Uwemba, kwenye baridi ambayo jogoo huwika mara moja akarudi kulala, aliishi seremala mmoja jina lake Mligo. Alisifika kwa milango isiyolia bawaba na kwa salamu zisizokwisha. Mligo hakusema "hamjambo" akapita. Aliuliza habari za mama, za watoto, za mahindi, za ng'ombe, na kama ng'ombe ana ndama, habari za ndama. Ukikutana naye njiani umebeba maji ya moto, unafika nyumbani na maji baridi.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa magari. Wenzake Jumamosi walikwenda kilabuni kunywa ulanzi; yeye ungeona miguu yake tu, imetokeza chini ya gari. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua, akaharibu, akafungua tena, akajua.

Gari la kwanza alilinunua Makambako, kwa dalali mmoja mchangamfu. Alifika mchana akapokewa kwa salamu, kwa kiti, kwa soda. Walipomaliza kuulizana habari, gari la dizeli lilikuwa linanguruma uani, sauti laini kama cherehani. Mligo akalizunguka. Akabonyeza matairi, akafungua na kufunga milango, akaridhika na bawaba. Akalipa, akaondoka nalo akiimba.

Asubuhi iliyofuata halikuwaka.

Si kwamba lilikuwa bovu kabisa. Afadhali lingekuwa bovu kabisa. Lilikuwa gari la mchana. Likishapata moto, linaimba mpaka Songea. Likilala kwenye baridi, haliamki mpaka lisukumwe na watu wazima walioshiba uji. Mtaa mzima ukawa betri yake. Majirani walisukuma wakiwa na makoti, wakasukuma wakiwa na nguo za kanisani.

"Mligo," mmoja alimwambia siku moja akihema, "mimi nikifa usiandike jina langu kwenye msalaba. Andika Stata."

Mligo aliifungua injini ile mwenyewe, akaona silinda zimelika ndani. Ndipo alipoelewa. Injini ya dizeli iliyochoka huficha uchovu wake ikiwa na moto. Ukitaka kuijua, ikute baridi. Yule dalali alikuwa ameiwasha tangu asubuhi. Laiti Mligo angeweka kiganja juu ya boneti kabla ya kuketi kwenye kile kiti, angeikuta ya moto, akajiuliza gari lisilotoka uani limepata wapi homa. Lakini yeye alikuwa anauliza habari za watoto wa dalali.

Mwishowe gari lile kuku walilirithi.

Miaka ikaenda. Mligo alikuwa na mipaini aliyoipanda ujanani, ikakomaa, akaiuza yote ili anunue pikapu ya kubebea milango na makabati. Mti wa paini hauoti kwa kuombewa. Akikosea safari hii, asingeishi kuona mipaini mingine ikikomaa. Mkewe, Mama Tulinagwe, alimpa baraka zake kwa ufupi.

"Baba Tulinagwe, kuku wana nyumba tayari. Usiwaletee ya ghorofa."

Mambo yakaja kukutana. Binti yao Tulinagwe alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Osmundi, wa Kipengere, na harusi ilikwisha kupangwa. Naye baba yake Osmundi, mzee Mwalongo, alikuwa anauza pikapu yake ya dizeli. Habari zilipofika Uwemba, kila mtu alimpongeza Mligo. Nani atakupa gari zuri kama si mkwe wako?

Mligo hakulala vizuri. Dalali unaweza kumfungulia boneti mbele ya uso wake, ukainusa dipstiki ya oili, ukakunja pua. Mkwe humfanyii hivyo. Ukimpekua mkwe kama mwizi, binti yako ndiye atakayekwenda kuishi kwenye nyumba ile, apikie watu uliowatukana. Na usipompekua, mipaini imekwenda.

Alifika Kipengere asubuhi, siku waliyokubaliana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijiji, hata zizi la ng'ombe lilionekana nusu. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba, imeoshwa inang'aa. Mwalongo alisimama mlangoni na koti lake zito, tabasamu tayari, mkono tayari. Mama Osmundi alikuwa nyuma yake na kigoda cha mgeni.

Mligo, mtu wa salamu ndefu kuliko wote wilayani, hakuwasalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akatulia kama anayesikiliza.

Ilikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe.

Kigoda kilibaki mkononi mwa Mama Osmundi. Mwalongo akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Mkwe," alisema polepole, "siku hizi Uwemba mnasalimia magari kwanza?"

"Nisamehe, mkwe. Nimelikuta la kwanza njiani."

"Na limeitikaje?"

"Limeitika vizuri. Lina joto."

"Jua hilo," akasema Mwalongo. "Jua la huku linapiga mapema."

Mama Osmundi akatazama juu. Palikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu palikuwa na ukungu mwingine. Akakiweka kigoda chini, akaingia ndani kuangalia chai.

"Ni kweli, mkwe," akasema Mligo. "Jua la Kipengere nimelisikia sifa zake." Kisha akakivuta kigoda, akaketi, akafungua mdomo. "Kamwene, mkwe."

"Kamwene."

Na salamu zikaanza. Aliuliza habari za nyumba, za watoto, za viazi, za mbolea, za ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Chai ikaja, ikanywewa. Mwalongo akasimama.

"Twende tuliwashe ulisikie, mkwe."

"Tuna haraka gani? Bado hujaniambia habari za dada yako wa Ilembula."

Yakaja maharage na ugali. Mwalongo akainuka tena. "Basi ngoja niliamshe kidogo tu, lisikae kimya."

"Mkwe," akasema Mligo kwa upole, akimega tonge, "mwenye nyumba akiwasha gari mgeni anakula, majirani watasemaje? Si watasema unanifukuza?"

Mwalongo akaketi. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Alasiri ukaja ulanzi, na kila alipotazama kwenye gari, Mligo alikuwa na babu mwingine wa ukoo wa kumuulizia. Kule nje pikapu ilikuwa inapoa, taratibu, kama yale maji ya moto ya watu wa Uwemba. Jua lilipozama, Mligo alishika goti lake, akasema safari imemchosha, angeomba pa kulala. Mkwe hanyimwi kitanda.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Mwalongo alitoka kwa mlango wa nyuma, akinyata, amebeba jiko la mkaa lenye makaa mekundu. Madereva wa nyanda zile wanaijua dawa hiyo: unalisukuma jiko chini ya injini, mafuta yanapata joto, gari linaamka kama halijawahi kulala. Ndivyo alivyofanya jana yake.

Akazunguka kona ya nyumba. Mligo alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya pikapu, amejifunika blanketi hadi masikioni.

Mvuke ulitoka puani mwao wote wawili. Mwalongo alikuwa amesimama na jiko lake, na mtu hana namna ya kuficha jiko linalowaka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo harusi ilikuwa inavunjika. Neno moja tu lingetosha. "Jiko la nini, mkwe?" Basi. Mwalongo angeaibika, na mzee aliyeaibishwa uani kwake hawezi kumwoza mwanawe kwa aliyemwaibisha.

Mligo alitoa mikono yake kwenye blanketi, akainyoosha mbele.

"Mkwe, umejuaje kama nasikia baridi?" akasema. "Asante sana. Liweke hapa."

Mwalongo aliliweka. Wakakaa wote wawili, wakaota moto. Makaa yalipoanza kuvaa majivu, Mwalongo ndiye aliyesema, bila kumtazama mwenzake.

"Haliwaki asubuhi."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka jana. Fundi mmoja aliniambia injini inakufa, niliuze kabla halijazima. Kila aliyeniuliza nikamwambia ni zima kabisa, halina ubovu." Akasugua viganja vyake. "Nilisema hata nawe nitakwambia hivyo. Kisha nikaona vibaya, kisha nikakwambia hivyo."

"Hukusema la ajabu," Mligo akamjibu. "Jana uliniuliza hali, nikakwambia sijambo. Goti hili linaniuma tangu juzi, nimepanda kitanda chako kwa mikono. Ndivyo tulivyolelewa, mkwe. Mtu ana homa, ana njaa, amefiwa, ukimsalimu anakwambia hajambo, ndipo aanze kulia. Kwa hiyo mimi siku hizi kwenye magari nauliza boneti kwanza. Yenyewe haikulelewa. Boneti haijui kusema sijambo."

Mwalongo alicheka kidogo, kwa uchungu, kisha akacheka vizuri.

"Lifungue basi," akasema. "Liulize lililobaki."

Mligo alikuwa akilingojea neno hilo tangu jana. Alikunja mikono ya shati kwenye baridi ile kama anayekwenda kunawa kwa ajili ya wali. Akamwambia mkwe apige stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikatema moshi mweupe, isishike. Akatega sikio. Ile ya gari lake la kwanza, iliyolika, ilikuwa ikizunguka kivivu, haina pumzi. Hii ilikuwa na pumzi tele. Akazitoa plagi za kupasha moto, zile zinazoichoma hewa ndani ya injini ili dizeli ishike asubuhi, akazigusisha kwenye betri kwa waya, moja baada ya nyingine. Moja ndiyo iliyowaka nyekundu. Nyingine zilikaa nyeusi kimya.

"Injini yako haifi," akasema. "Haina kiberiti tu."

Mwalongo alizitazama plagi zile kiganjani, vitu vidogo kama vidole vya mtoto. "Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nimelificha hili?"

"Ungesema, tungeliona siku ileile."

Hivyo ndivyo Mligo alivyolinunua, wote wawili wakijua wanachouziana. Likafungwa plagi mpya, na ndilo lililompeleka Tulinagwe kanisani, asubuhi ya baridi, bila kusukumwa na mtu. Yule jirani Stata alilisindikiza kwa macho hadi likapotea, akasema amestaafu.

Mngeweza kuondoka sasa, kama mngekuwa mmeniuliza habari za gereji tu.

Miaka kadhaa baadaye Mligo alikwenda Kipengere kuwaona wajukuu. Alimkuta Mwalongo ameketi karibu na moto, amevaa koti juu ya koti.

"Kamwene, mkwe. Hujambo?"

"Sijambo. Mafua tu. Nyumbani hawajambo?"

Mama Osmundi alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama sakafu. Mume wake alikuwa ameulizwa na kila mtu wa nyumba ile, na kila mtu alijibiwa sijambo.

Mtu hamshiki mkwe wake kichwa. Hilo mnalijua. Mligo aliivuka sakafu, akaweka kiganja juu ya paji la uso la Mwalongo, akatulia kama anayesikiliza.

"Mkwe," akasema Mwalongo kwa sauti ndogo, "siku hizi Uwemba mnashika watu vichwa?"

"Boneti, mkwe."

Mwalongo alitaka kucheka, kikohozi kikamkata. Kilipomwachia, alikuwa ameegemea mkono wa Mligo kwa uzito wake wote. "Jua hilo," akasema. "La huku linapiga mapema."

"Ndiyo. Simama twende."

Pikapu iliwaka kwa ufunguo mmoja. Hospitali walisema ni mapafu, na wakasema pia kwamba kama angeendelea kuwa hajambo hadi mwisho wa juma, wasingekuwa na la kufanya.

Alipona. Lakini kabla ya kupona alilala wodini muda mrefu, na mtu akiwa na methali hawezi kulala nayo kimya. Kila nesi alipopita kitanda hadi kitanda akiuliza hali, na wagonjwa wakaitika sijambo, sijambo, Mwalongo aliinua kichwa kutoka kwenye mto wake.

"Mshike, nesi," alikuwa akiwaambia. "Usimsikilize, mshike. Boneti haijui kusema sijambo."