Mifarishi Mitatu ya Bibi Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Lubaba binti Wahb, mshonaji wa mifarishi ya pamba ya kujifunika wakati wa baridi. Kwa miaka tisa aliweka akiba ili afungue kijiduka sokoni. Akajaaliwa dirhamu ishirini na nne. Kumi na mbili angenunulia pamba. Kodi ya mwaka ilikuwa kumi na nane, na sita zilizopungua alitaraji kuzipata kwa mifarishi ya mwanzo.

Akanunua pamba kwa msafiri mmoja, akashona mifarishi mitatu, ikauzika yote kwa dirhamu mbilimbili. Alipofungua gunia la mwisho, alikuta pamba ina madoa ya usaha. Akatambua kuwa imefumuliwa kutoka kwenye magodoro ya wagonjwa wa ndui. Msafiri alikwisha kwenda zake.

"Ichome iliyobaki, unyamaze," nduguye Hunayda alimwambia. "Kodi unalipa kesho. Nani atajua?"

Nafsi ya Lubaba ilikwishamwambia maneno yale yale, na hilo ndilo lililomtisha. Akazichukua fedha za kodi, akawaendea wanunuzi. Wawili walirudisha mifarishi wakapokea chao, mmoja akimlaani. Wa tatu, Mzee Dirar, Lubaba alimkuta ameketi kizingitini peke yake.

"Nilimfunika nao mke wangu," mzee alisema. "Amefariki alfajiri."

Lubaba akamweleza yote, hakuficha neno.

"Alikuwa mgonjwa wa kifua tangu mwaka jana, binti yangu," mzee alisema. "Siwezi kusema ulimuua, wala siwezi kusema hukumuua. Nipe hizo fedha. Sina sanda."

Akampa mbili zake, kisha na zile kumi na mbili zilizosalia. Kijiduka kikachukuliwa na mtu mwingine.

Baada ya miaka mingi Hunayda alimuuliza kama alijuta.

"Duka linaniuma kila nipitapo sokoni," Lubaba alisema. "Na mke wa Dirar namwombea kila sala. Hayo mawili nayaweza. La tatu nisingeliweza."

"Lipi hilo?"

"Kumsalimu mumewe njiani ilhali nimemficha."

Ndugu zangu, tumezoea kusikia mkweli akilipwa papo hapo. Bibi huyu alishona mlangoni kwake hadi akafariki, na hatujui kama duniani alilipwa chochote. Ujira wake uko kwa Mola asiyesahau, nasi tumwombe atupe japo nusu ya subira yake.