Jina la Beti ya Mwisho

Hapo zamani, enzi ambazo bibi harusi hakutoka ndani bila kusomewa utenzi wa wosia, aliishi Rukiya binti Mwanatumu, mwanamke aliyenyamaza miaka ishirini na miwili. Hakuwa bubu, jamani. Alikuwa mtiifu.

Siku alipoolewa, mama yake, Bi Mwanatumu, alimtungia utenzi wa beti arubaini, wote kichwani, maana kuandika hakujua. Wanawake waliupenda hasa pale aliposema:

Akifoka unyamae,
kinywani maji utie.

Mtunzi mwenyewe alikuwa ameshaachika mara tatu kwa ajili ya ulimi wake, na mume wa nne alikuwa anafungasha virago. Lakini nani humuuliza mtoa wosia mambo ya nyumbani kwake?

Rukiya akaushika neno kwa neno. Mumewe, Bwana Shekuwe, akifoka kwa sababu ya chumvi, Rukiya hupiga funda la maji. Akifoka kwa sababu ya mvua, funda. Akifoka kwa sababu jana hakufoka, funda. Mji mzima ukamsifu Shekuwe kwa busara ya mkewe. Rukiya aliumia, tena aliumia sana, na uchungu akaumeza pamoja na yale maji.

Binti yao Zumla alipoposwa, bibi alikuwa ameshasahau kila kitu. "Utenzi gani?" aliuliza. Basi Rukiya akausoma toka kichwani, beti zote arubaini, na Zumla akaandika. Sikio lilisikia vizuri, ila mkono ulikataa:

Akifoka umwambie,
maji yeye ayatie.

Siku ya singo, mwali akisuguliwa liwa na waridi, utenzi ukasomwa. Wanawake wakacheka hadi machozi. Bi Somoe, kungwi wa mji, akaamua uingizwe katika kitabu cha maharusi, wasomewe mabinti wote watakaofuata. Ila beti ya mwisho, kama ada ilivyo, humtaja mtunzi. Jina moja tu, maana mistari minne haibebi ukoo mzima.

Hapo kumbukumbu ya Bi Mwanatumu ikarudi mbio. "Jina ni langu. Beti arubaini zimetoka kichwani mwangu. Bila mimi mngesoma nini?"

"Jina ni langu, bibi," akasema Zumla. "Wako uliwaziba watu midomo. Huu wangu umewafungua."

Mkono wa Rukiya ulikuwa umeshafika kwenye kikombe, kwa mazoea. Akakisukuma kando.

"Mama, ulitunga usilolifanya hata siku moja. Nawe mwanangu, umegeuza usilolionja. Mama aliusahau, mimi nikauhifadhi. Nikauishi. Mkiandika jina jingine, miaka yangu ishirini na miwili itakuwa ya nani?"

Bi Mwanatumu akamtazama. "Ulikuwa utenzi, mwanangu. Nani alikwambia uufuate wote?"

Zumla naye akauliza polepole, "Na kwa kuwa ulijua unavyouma, mama, mbona ulinisomea mimi vilevile, bila kugeuza hata neno?"

Bi Somoe ameshachovya kalamu, wino unakauka, na wanawake wote wanamtazama Rukiya.

Sasa nyinyi mnaocheka huko nyuma, hebu semeni. Je, nani alistahili beti ile ya mwisho? Na mkimnyima Rukiya, nani kati yenu atakwenda kumwambia?