Kiti cha Mbele cha Bi Zalia

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni ya juzijuzi tu, nami naijua kuliko waliokuwepo, palikuwa na mjane mjini Lushoto, juu kabisa kwenye milima ya Usambara, kule Wajerumani walikojenga wakikimbia joto. Jina lake Zalia, kazi yake kuuza mapea. Marehemu mumewe alimwachia Landrova iliyokufa kabla yake.

Mdogo wake Zalia akawa anaolewa Singida, na ndugu wanane wakataka kwenda. Zalia akatangaza, "Usukani nitashika mwenyewe. Atakayeliondoa gari hili Lushoto atakaa mbele nami, na tukifika nitamwambia kaka yangu, huyu ndiye atakayenioa."

Wanaume watatu hawakulala tena.

Wa kwanza Shekiondo, fundi. Wiki tatu alilala chini ya ile Landrova akila vumbi, mpaka injini ikakohoa, ikanguruma. Akajua kiti ni chake. Lakini kila alipochungulia kutoka chini ya gari, aliona miguu ya Zalia ikimpelekea chai ya tangawizi Mntangi, wa pili wao, mpiga ngoma wa harusi, ambaye kazi yake ilikuwa kusifia rangi ya gari. Chai ile ilimuunguza Shekiondo, naye hata hakuinywa.

Sasa, Lushoto gari hulala pua ikitazama bondeni. Betri ikigoma asubuhi, mteremko unaliamsha. Mtoto wa darasa la pili anajua. Jioni ya kuamkia safari, watu wakiwa msikitini, Shekiondo akaiwasha Landrova, akaigeuza pua itazame mlima, akaizima injini, akaacha taa zinawaka usiku kucha zimalize betri, akazifunika gunia. Alitaka asubuhi kila mtu ashindwe, ndipo atoe hendeli yake, kile chuma cha kuzungushia injini, aizungushe mara moja na Zalia aone mwanamume ni nani.

Asubuhi, gari kimya. Ndugu wanane ndani, mizigo juu. Shekiondo akajivuta, akafungua sanduku la vyuma. Hendeli hamna.

Hozza, wa tatu wao, mkulima wa kabichi, akakohoa kidogo. Alikuwa amekumbatia betri ya gari anayowashia redio yake, kama mtoto mchanga. Jana alimwona fundi akiigeuza Landrova, akaificha hendeli yeye, ili betri yake ndiyo iokoe safari.

"Pisha, fundi," alisema. "Mkono mtupu haulambwi."

Wakati hao wawili wanasukumana vifua, Mntangi akazunguka nyuma. Akamwambia Zalia aweke gia ya kurudi nyuma na aliachie gari literemke kinyumenyume. Hakuuliza kama breki zinashika. Akalisukuma kwa bega. Gari likashuka, injini ikashtuka, ikanguruma. Vigelegele. Kisha vigelegele vikageuka mayowe, maana breki zile kuukuu zilizoea kwenda mbele, kinyumenyume hazikushika, na nyuma kulikuwa na kona, na nyuma ya kona hakuna kitu.

Hozza akakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia mimi, nami nilikuwa na mbio. Akaitupa betri yake nyuma ya gurudumu. Ikapasuka, gari likasimama. Zalia akakanyaga klachi, injini haikuzimika, akatoa gia, akashuka.

Shekiondo alifika akihema. Alimwona Zalia akimfuta Hozza tindikali viatuni kwa ncha ya kanga yake. Kanga ile ile aliyoshikia kikombe cha chai ya Mntangi.

"Kiti ni changu," alisema. "Bila mimi, mngekuwa mnasukuma bati."

"Kiti ni changu," alisema Mntangi. "Wewe ulilifufua, mimi nimeliondoa. Dada alisema kuondoa."

"Kiti ni changu," alisema Hozza. "Mlikuwa mnampeleka mazishini, si harusini."

Zalia akamtazama kila mmoja. "Fundi, gunia lako lilinuka kuungua jana usiku, nikachungulia, nikaliona gari limegeuzwa. Nikanyamaza, nione mwisho wako. Hozza, hendeli imejitokeza kwenye kabichi zako pale juu ya mizigo. Na wewe Mntangi, ungeniua huku unatabasamu."

Shekiondo akafungua mdomo aseme alifanya kwa mapenzi. Akawatazama wenzake, akaona nao wamefungua midomo kusema hivyo hivyo.

Injini inanguruma, mafuta yanapungua, na Singida ni mbali. Mlango wa mbele uko wazi. Haya, nyinyi mnaojiona mahakimu, msinitazame mimi: Je, nani alistahili kuketi pale, au Zalia aufunge mlango na kwenda zake?